Mama Stoo na Upande wa Kushoto

Kiwandani kwetu tulikuwa tunatengeneza mablanketi, na karibu kila kitu kilichofanya mashine zisisimame kilipitia mikononi mwa mama mmoja. Ukitaka mkanda wa mashine, sindano, grisi, hata balbu ya chooni, ulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, ukagonga kidirisha cha mbao, ukasikia sauti inauliza, "Fomu iko wapi?" Kama huna fomu, hupati kitu, hata uwe meneja. Sote tulimwita Mama Stoo. Jina lake la kwenye kitambulisho nililisoma mara moja tu, na nikalisahau palepale.

Mimi nilikuwa idara ya kufungasha, chini kabisa, lakini chakula cha mchana nilikuwa nakula kwake, kwa sababu stoo kulikuwa na feni na hakukuwa na makelele. Haya ninayosimulia mengi niliyaona mwenyewe, na machache niliyasikia kwa wahusika.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mnene kiasi, goti la kulia likimsumbua. Kwa watu wake alikuwa mcheshi, kwa wasio na fomu alikuwa mkavu kama karatasi ya msasa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti mshonaji, na binti huyo aliolewa na kijana wa idara yetu ya rangi, mpole, mrefu, ambaye mikono yake ilikuwa ya bluu au nyekundu hadi kwenye viwiko kutegemea blanketi gani linatengenezwa wiki hiyo.

Kati ya mama mkwe na mkwe kulikuwa na heshima iliyopita kipimo. Kijana akimwona mama anakuja kwenye korido, anajibanza ukutani kama anapisha lori. Miaka minne ya ndoa, sidhani kama walishazungumza zaidi ya "Shikamoo, mama" na "Marahaba, baba, hamjambo huko?" Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake.

Sasa huyu mkwe ndiye alikuwa beki tatu wa timu ya kiwanda, yaani mlinzi wa upande wa kushoto.

Stoo ilikuwa na madirisha mawili. Moja liliangalia getini. La pili liliangalia uwanja wetu wa mpira uliokuwa nyuma ya kiwanda, nalo lilikuwa moja kwa moja nyuma ya goli. Mama Stoo alianza kukaa pale miaka kumi na moja nyuma, ili apumzishe goti. Matokeo hayakumshughulisha. "Mimi sijawahi kupiga mpira, hata wa makaratasi," aliwahi kuniambia. "Mimi naangalia wanavyokaa." Na kweli, kutoka kule juu uwanja wote ulikuwa umetandazwa mbele yake, unaona watu wamejaa wapi na wapi hakuna mtu. Sisi wa pembeni mwa uwanja tulikuwa tunaona aliye na mpira, basi.

Kulikuwa na ligi ya viwanda mwaka ule, na Jumamosi moja jioni tulicheza na timu ya kiwanda cha sabuni. Wao hawakuwa na uwanja, kwa hiyo mechi zote mbili, ya duru ya kwanza na ya pili, zilipangwa kwetu. Wao jezi nyeupe, sisi kijani. Kipindi cha kwanza tulilinda goli lililo chini ya dirisha la stoo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Winga wao wa kulia alisimama kwenye mstari wa pembeni kabisa, chokaa inamshika viatu. Mkwe akamfuata. Mara nyuma ya winga akapanda beki wao, anakimbia kwa nje kama mtu aliyechelewa kazini. Mkwe akimwendea beki, mpira unarudi kwa winga. Akibaki na winga, beki anapita na kupiga krosi. Akijaribu kuwakaba wote wawili, anachomoza wa tatu, namba nane wao, ananyemelea kwa ndani, anapokea pasi fupi, huyo anaelekea golini. Wao watatu, sisi mmoja na nusu. Nusu alikuwa beki wetu wa kati, ambaye kila alipotoka kwenda kusaidia aliacha uwazi mbele ya goli unaoweza kupitisha mkokoteni.

Mbele ya mkwe tulikuwa na winga wetu wa kushoto, dereva wa foklifti, fundi wa chenga kwelikweli. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu akishapanda juu harudi tena kwa wananchi. Siku hiyo alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anadai mpira ambao sisi hatukuwa nao.

Tulifungwa matatu, na yote matatu yalianzia kushoto. Baada ya bao la pili, jamaa mmoja wa idara ya kufuma akapaza sauti, "Huyo si beki, huyo ni pazia! Unamsogeza kwa kidole, unapita!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaficha. Mpaka mechi inaisha, watu walikuwa wanaimba, "Pazia! Pazia!" Kijana alitoka uwanjani kainamisha kichwa, hakupitia hata bombani kunawa.

Jumatatu nilipopanda stoo na chakula changu, nilimkuta Mama Stoo ametandaza boksi bovu mezani, amechora mistari na misalaba kwa kalamu.

"Kaa," akaniambia. "Mara kumi na saba walipita kushoto. Katika hizo, mara kumi na nne mkwe wangu alikuwa peke yake na watu wawili au watatu. Haya niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nikasema labda angekimbia haraka zaidi.

"Akimbilie nani?"

Nikainamia ile misalaba yake. Akaniangalia kidogo, kisha akasema taratibu, "Halafu kicheko chako nakijua. Kilifika mpaka huku juu."

Chakula kilinishinda. Nikafunika bakuli.

Siku ileile binti yake alimpigia simu. Mumewe alikuwa ameweka viatu vya mpira kwenye mfuko, anasema atampa jirani. Hali chakula vizuri, na ule upole wake wa siku zote sasa ulikuwa umegeuka kimya cha kutisha ndani ya nyumba. "Mama, zungumza naye," binti akasema.

"Mimi? Nitamwambia nini, na yeye akiniona anageuka nguzo?"

Lakini hakukaa bure. Kesho yake kocha wetu, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu wa mashine, alikuja na fomu kutaka mkanda. Mama Stoo alimpa mkanda, maana hakuwa mtu wa kuzuia kazi. Kisha akamuuliza, "Fundi, unafanya nini na upande wako wa kushoto?"

"Nambadilisha beki, mama. Usinielewe vibaya, najua ni mkwe wako. Nimempa nafasi, ameshindwa."

"Badilisha. Weka hata askari wa getini na rungu lake. Bado watakuwa watatu kwa mmoja."

Kocha akacheka. "Mama, mpira si kama vitu vya kwenye rafu, kwamba unahesabu vimetimia."

"Basi njoo kesho kutwa wakati wa mazoezi, usimame hapa dakika kumi. Ukiona nasema uongo, sitakuuliza tena."

Alikuja kwa shingo upande. Filimbi alimwachia nahodha, akaagiza timu ya pili icheze vilevile kama Sabuni, wajaze upande ule wa kushoto wetu. Mimi nilikuwepo, nimejibana kati ya makopo ya grisi. Kocha alisimama dirishani, mikono mfukoni, uso wa mtu anayetimiza ahadi tu. Dakika ya tatu akatoa mikono mfukoni. Dakika ya tano akafungua dirisha, akachungulia nje.

"Hee," akasema.

Mama Stoo akasogea kumpisha aone vizuri.

"Kumbe kule chini mimi naona migongo tu. Hebu ona, wamemzunguka kama wanagawana kitu. Na Mheshimiwa yuko wapi?"

"Yuko pale anapokaa siku zote."

Kocha akawa mnyonge kidogo. Alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri akionyeshwa kasoro hagombani nayo, anatafuta spana. "Sasa dawa yake nini?"

Mama Stoo akasema kwa uhakika wote, "Wakijaza wao, na ninyi jazeni. Wote waende kushoto."

Wiki ile wakafanya hivyo. Mazoezini, mpira ukienda kushoto, timu nzima inaporomoka kushoto, beki wa kulia kavuka katikati, kiungo kavuka, kila mtu yuko pale. Vijana wa timu ya pili walijaribu mara mbili wakakwama. Mara ya tatu, yule aliyekuwa na mpira akainua kichwa, akapiga pasi ndefu ya juu hadi upande wa pili. Kule kulikuwa na winga wao peke yake. Alikuwa na nafasi ya kutuliza mpira, kujikuna, na kuchagua kona ya goli.

Kocha akaangalia juu dirishani. Mama Stoo akajishika kichwa. Jioni alimfuata kwenye karakana na goti lake hilohilo. "Hilo ni kosa langu," akamwambia. "Wale hawajazi kushoto ili wapite kushoto tu. Wanatuvuta. Tukienda wote, wanafungua kulia. Inabidi twende, lakini tusiende wote."

Ndipo wakaitisha kikao. Kilifanyika stoo, baada ya kazi, jua likiwa bado kali: kocha, beki wa kati, kiungo mkabaji namba sita, Mheshimiwa, na mkwe. Mimi nilileta maji ya kunywa ili nipate sababu ya kubaki. Mama Stoo alimwaga nati na bolti mezani, nati ndio sisi, bolti ndio Sabuni. Mkwe alisimama mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, anaangalia viatu vyake. Na Mama Stoo naye, pamoja na ukali wake wote, alishindwa kumtazama. Akawa anampitishia maneno kwa kocha.

"Mwambie beki wako wakija wawili asimrukie mtu."

Kocha akageuka. "Usimrukie mtu."

"Mwambie arudi nyuma taratibu, azibe njia ya ndani, awaache waende pembeni."

"Rudi taratibu, ziba ndani."

"Nimesikia," mkwe akasema kwa sauti ya chini.

Walipofika mara ya nne kwenye huo mchezo wa kutafsiriana, namba sita akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Mama Stoo akaweka bolti chini. "Ah! Tutakesha hapa. Baba, njoo mezani. Mpira hauna ukwe."

Kijana akasogea. Nadhani zile hatua sita kutoka mlangoni zilikuwa nzito kwake kuliko mechi yenyewe. Mama akamwonyesha kwa kidole, sasa akimwambia yeye mwenyewe: "Mkiwa wewe mmoja na wao wawili, kazi yako si kunyang'anya. Kazi yako ni kuwachelewesha. Sekunde tatu, nne, zinatosha. Katika hizo, namba sita anateleza kuja hapa, anamkaba huyu anayenyemelea ndani. Wa kati habanduki mbele ya goli mpaka umepitwa kabisa. Beki wa kulia anasogea ndani kidogo, havuki katikati, jicho liko kwenye ule mpira mrefu. Na beki wao anayepanda…" Akainua nati moja, hakujua aiweke wapi. Wote wakamtazama Mheshimiwa.

"Mimi ni mshambuliaji," Mheshimiwa akasema. "Nikishuka kukaba, nani atafunga? Beki akabe, ndiyo kazi yake."

Kocha akafungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa mkwe.

"Kaka, nikuulize. Yule beki wao akipanda, nyuma yake anaacha nini?"

Mheshimiwa akafikiri. "Anaacha uwanja mtupu."

"Basi shuka naye. Tukiwapokonya, pasi ya kwanza ni yako. Wewe utakuwa unaondoka, yeye atakuwa bado anahema kwetu." Kisha akaongeza, "Ukisimama kule juu, mimi nitakupaje mpira? Mpira siupati."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote tulizowahi kusikia kutoka kwake. Mheshimiwa akachukua ile nati mkononi mwa Mama Stoo, akaigeuzageuza, akaiweka nyuma, pembeni ya nati ya mkwe.

"Nitashuka," akasema. "Lakini huo mpira nisipoupata, tutatafutana."

Walifanya mazoezi wiki nne. Si kwamba kila siku ilikwenda vizuri. Mheshimiwa alikuwa anasahau, namba sita alikuwa anachelewa, na mkwe mwenyewe miguu ilikuwa bado inamwasha kurukia watu. Lakini viatu havikwenda kwa jirani.

Siku ya mechi ya pili, kocha alimwalika Mama Stoo akae benchi na wachezaji wa akiba. Alivaa gauni zuri, akakaa. Dakika ya saba akasimama. "Huku naona soksi tu," akasema, akaanza kupanda ngazi moja moja, ameshika ukuta. Mimi nikamfuata nimebeba kiti.

Sabuni walianza kama tulivyotarajia. Winga kwenye mstari, beki anapanda, namba nane ananyemelea. Mkwe alirudi nyuma taratibu, kifua wazi, mguu mmoja mbele, kama mtu anayerudi kinyumenyume asimwamshe mtoto. Winga akasubiri arukiwe. Hakurukiwa. Akatazama ndani, namba sita wetu alikuwa ameshafika. Akatazama nje, beki wake alikuwa amepanda kweli, lakini pembeni yake yuko Mheshimiwa, uso umekunjamana kama ameonewa. Ikabidi winga aurudishe mpira nyuma. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu chini hapakuonekana kitu cha kushangilia. Juu dirishani Mama Stoo alishusha pumzi.

Wakajaribu tena na tena. Mara moja wakapiga ule mpira mrefu wa kuhamisha upande, beki wetu wa kulia akautoa kwa kichwa. Dakika ya thelathini na kitu, winga akachoka kusubiri, akajaribu kupita katikati ya watu wawili. Mkwe akaweka mguu, mara moja tu, akauchukua mpira kisafi. Hakutazama hata. Aliupiga kwa mbele, kule kwenye uwanja mtupu, na Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka. Alikimbia peke yake mpaka karibu na mstari wa mwisho, akarudisha ndani, mshambuliaji wetu akasukuma wavuni. Stoo nzima ilitetemeka, rafu ya misumari ikamwagika, na aliyeiokota baadaye ni mimi.

Lakini Mama Stoo hakushangilia muda mrefu. Dakika kumi za mwisho za kipindi kile alikuwa ameegemea fremu ya dirisha. Filimbi ya mapumziko ilipolia, akashuka tena na goti lake, akamkuta kocha.

"Wanahama," akamwambia. "Namba nane wao ameanza kusimama upande wa pili. Kipindi kijacho watajaza kulia kwetu."

Kocha hakubisha. Alimwita beki wa kulia na winga wa kulia, akawaambia kwamba kazi ya kushoto sasa ni yao, kila kitu vilevile, ila kwa kugeuza. Na Sabuni walipoanza kupanda upande ule, walikuta watu wameshajipanga. Haikuwa rahisi. Dakika za mwisho maji yalikuwa shingoni, vijana wamechoka hoi. Na bao walilipata, lakini kwa kona, kichwa cha mtu mrefu ambaye hata sisi tulikubali ni mrefu. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja.

Baadhi ya mashabiki waliondoka wananung'unika kwamba tumeshindwa kulinda bao. Mkwe alikaa kwenye nyasi, amenyoosha miguu, jasho limechanganyika na rangi ya bluu ya mikononi. Yule mtu wa idara ya kufuma akapita karibu yake, akasimama, akasema, "Leo umekaba, Pazia." Jina halikubanduka tena, mpaka leo tunamwita hivyo. Kijana akaitika kwa kichwa. Kisha akainua uso akatazama dirishani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapunga mkono. Mama Stoo akashtuka, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayepungiwa. Akaniona mimi tu na kiti. Ndipo akapunga na yeye.

Ligi tulimaliza nafasi ya tatu, na hilo lilitosha. Kocha akawa kila mechi anamtuma mtu mmoja akae juu na Mama Stoo, na mapumziko ashuke na maneno yake, ili goti lipone. Timu nyingine zilipojua, wakawa wanatuita timu ya ghorofani. Mheshimiwa naye alipenda kushuka kuliko tulivyotegemea, maana aligundua mashabiki wanapiga makofi zaidi anapotokea nyuma.

Mama Stoo alistaafu miaka miwili baadaye. Siku ya kumuaga, meneja alisoma karatasi ndefu kuhusu uaminifu na nidhamu ya kazi, wala mpira hakuutaja. Mimi nilimwomba msamaha siku hiyohiyo kwa lile jambo la kicheko, akaniambia alishasahau, nikajua hajasahau ila amesamehe.

Siku hizi anaishi kwa binti yake. Nilikwenda kuwasalimu mwezi uliopita, Jumapili mchana. Mlangoni nilipokewa na binti, kamba ya kupimia nguo shingoni, mtoto mgongoni. Kutoka sebuleni nilisikia sauti mbili zinabishana juu ya beki wa timu fulani kwenye televisheni, kama alipaswa kutoka au kubaki.

"Karibu," binti akaniambia. "Ingia tu, lakini usitegemee kusalimiwa mpaka mapumziko. Walianza kubishana asubuhi, kabla hata mechi haijaanza."

"Mama, angebaki pale angepitwa!" ilisema sauti ya mwanaume, juu, bila woga.

"Asingepitwa! Baba, tatizo lako unamtazama yule mwenye mpira!"

Binti akatikisa kichwa, akaenda jikoni kuniletea maji.